Mahari Iliyolala Kinindo

Siku tuliyokwenda kuposa Kavimvira, ng'ambo upande wa Kongo, faranga elfu moja ya Kongo ilikuwa inapatikana kwa elfu moja na mia tano za kwetu Burundi. Bei hiyo naikumbuka kuliko kitenge nilichovaa. Wengine wanahesabu miaka kwa watoto waliozaa au kwa marais waliopita. Mi nahesabu kwa elfu moja ya Kongo, kwa sababu tangu mume wangu auawe wakati wa vita nimevuka mpaka wa Gatumba na beseni la nyanya kichwani, na kila nilipovuka nilipaswa kujua bei hiyo kabla ya kujua kama watoto watakula.

Shule niliachia darasa la nne. Kwa hiyo msomaji akikuta maneno yamekaa vibaya anisamehe, lakini yaliyotokea yamekaa sawasawa kichwani mwangu, na nitasema nani alifanya nini. Majina siweki. Wenyewe wakisoma watajijua.

Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Huyu ni mtu wa ofisi ya serikali, anakaa Kinindo, mtaa wa wenye nacho mjini Bujumbura, nyumba yenye geti na mbwa. Nilipokuwa namzika mdogo wake sikumwona. Nilipokuwa nalea watoto kwa nyanya sikumwona. Lakini mtoto wangu wa kiume, fundi wa kujenga, aliposema amepata mchumba Kavimvira, shemeji alitokea na koti lake, akasema yeye ndiye baba. Na ni kweli. Kwetu mama haendi kuongea mahari. Anakaa pembeni na wanawake wenzake, anasikiliza bei ya mambo yake mwenyewe ikitajwa na wengine.

Baba ya binti alikuwa mzee wa mawese, anauza mafuta kwa madumu pale pale karibu na barabara. Mtu mfupi, mcheshi, mkono wake mmoja una rangi ya mafuta ambayo haitoki tena. Msemaji wao alizunguka sana, akasifu binti, akasifu bia tulizoleta, halafu akataja: laki nane.

"Laki nane za Kongo," mzee wa mawese akaongeza mwenyewe. "Apana zenu, bakwe. Za Kongo."

Shemeji akacheka. "Mukwe, faranga yetu imekukosea nini?"

"Haijanikosea kitu. Mi sina matata nayo. Lakini leo unanipa, kesho nikiamuka nakuta imekuwa ndogo. Mi nitamulisha nani na pesa yenye kupungua usiku?"

Watu wakacheka, na shemeji naye akacheka, akakubali mbele ya watu wote. Laki nane za Kongo. Kwa bei ya siku ile ilikuwa milioni moja na laki mbili za kwetu. Nyingi, lakini si za kuua. Wakatupa muda, wakasema tulete zote mara moja, kwa siku moja, na wazee na bia, jinsi inavyofanyika. Hawakutaka vipande.

Na hapa ndipo lilipo kosa lenyewe. Kwetu pesa ya mahari hakusanyi mtu mmoja. Ukoo unaitwa, kila mmoja anaahidi chake, na zote zinapelekwa kwa mkubwa wa ukoo. Zikishafika kwake hazitolewi, hazikopeshwi, hazibadilishwi, zinalala hadi zitimie. Hivyo ndivyo ilivyofanyika kwa marehemu mume wangu aliponioa, na kwa baba yake. Lakini wale walikuwa wanaoa mlima wa pili. Hawakuwa wanaoa ng'ambo ya mpaka, kwa pesa ya watu wengine.

Nilimwambia mapema. Nilikwenda Kinindo, nikakaa kwenye kiti cha plastiki uani maana ndani walikuwa na wageni, nikamwambia, "Shemeji, mi nauza kule. Wananilipa faranga za Kongo mkononi. Niache niziweke hivyo hivyo, kidogo kidogo. Hata zile za ukoo nipe nizibadilishe kila nikivuka, siku ya mahari tutakuwa nazo tayari."

Aliniangalia kama nimemwomba nguo zake za ndani.

"Mahari ya ukoo wetu utaibeba chini ya nyanya?"

"Nitaibeba hata kwenye kitenge."

"Apana, shemeji. Mi ni mutu wa serikali. Wakisikia familia yangu inabadilisha pesa barabarani nitapoteza kazi. Hiyo kazi ndiyo inalisha wengi hapa. Leteni faranga za Burundi, mi nitaziweka."

Inalisha wengi. Mimi sikuwahi kuwa mmoja wao.

Basi angalia tulichofanya. Nauza nyanya Kavimvira, napata faranga za Kongo. Narudi mpakani, nampa kambisti, yule mbadilisha pesa wa Gatumba, ananipa za kwetu. Nazipeleka Kinindo. Mtoto wangu naye akipokea mshahara wa kujenga anapeleka Kinindo. Zinalala. Ili siku moja zitolewe, zirudi kwa kambisti yule yule, ziwe tena za Kongo. Nilikuwa na pesa nzuri mkononi, nikawa nailipia ili igeuke mbaya.

Kambisti aliona. Alikuwa jirani yetu Gatumba, anakaa chini ya mwavuli na mafungu yake yamefungwa kwa mpira, mdomo haufungwi. "Mama ya nyanya," ananiambia, "batu bote banakimbia huku, we peke yako unakimbia kule. Umeona nini ambayo siye hatujaona?"

"Ni mahari."

"Aah. Basi ni bakubwa banakutuma. Leta."

Na akanipunja, kila mara, kwa sababu alijua sina pa kwenda. Huyu ni wa pili. Alikula chumvi nyumbani kwangu, na faranga hamsini juu ya kila elfu alikuwa anazikata akicheka. Nikilalamika anasema hiyo ni ya mwavuli.

Halafu ugonjwa ule wa korona ulifunga mpaka, na mto Rusizi ukapanda. Waliokuwa Gatumba wanajua, sina haja ya kuwachosha. Maji yaliingia nyumbani yakakaa kama mwenye nyumba. Tulitoka na godoro na sufuria, tukapanga chumba na sebule juu Gihosha, ambako nilikuwa simjui mtu. Miezi mingi sikuvuka. Mahari haikuongezeka hata faranga moja.

Lakini binti wa mzee wa mawese hakungoja. Alikuwa amevuka kabla mpaka haujafungwa, akabaki upande wetu na mtoto wangu, na mimba ikaingia. Akajifungulia hapo Gihosha, mtoto wa kike. Nilimpokea mimi kwa mikono yangu kutoka kwa mkunga. Mkamwana wangu ni mtu mzuri, siwezi kumtaja kati ya hao ninaowataja hapa. Aliamka kabla yangu, alisuka mikeka ya kuuza, alimwita mtoto kwa jina la mama yangu.

Mpaka ulipofunguliwa, elfu ya Kongo ilikuwa imepanda kidogo tu, inavumilika. Nikarudi na beseni. Pesa za Kinindo zikaanza kuongezeka tena. Halafu tukatangaziwa kwamba noti kubwa za zamani zinaondolewa, kila mtu azipeleke benki haraka. Shemeji alikuwa ameilaza mahari yetu kwa noti hizo hizo, maana noti kubwa zinakaa vizuri kwenye bahasha. Akazipeleka benki, zikaingia kwenye hesabu yake. Toka siku ile pesa yetu ikawa na jina lake.

Na bei ikaanza kukimbia. Elfu moja na mia saba. Elfu moja na mia tisa. Elfu mbili. Nilikuwa nikifika mpakani naogopa kuuliza. Sisi tulikuwa tumefikisha ile milioni moja na laki mbili, tukazidisha hata laki moja, ukoo mzima ulikuwa umeshachoka kuitwa. Na ile laki nane ya Kongo ilikuwa imesimama pale pale, haijaongezeka, lakini iko mbali kuliko siku ya kwanza. Mtoto wangu alikonda. Alikuwa anajenga ukuta wa mtu Kinindo, mitaa miwili tu kutoka kwa aliyeshika mahari yake, na anakwenda kwa miguu kuokoa nauli.

Nani alifanya faranga yetu ishuke? Mi si mtu wa uchumi. Lakini niko mpakani, naona. Kuna watu wanapewa dola benki kwa bei ya benki, bei ndogo ambayo mi na wewe hatupewi hata tukilala mlangoni. Wanatoka nazo kwa mlango wa nyuma, zinafika barabarani kwa bei ya barabara, na hapo katikati wanajenga ghorofa. Kambisti mwenyewe aliniambia zinatoka wapi. Hawa ndio wa tatu, na ni wengi, na siwezi kuwataja hata kwa cheo, maana vyeo vyao vinajulikana. Mahari ya mtoto wangu imo kwenye ghorofa hizo. Labda ni ngazi mbili tatu, lakini imo.

Bibi yake mkamwana akafa kule Kavimvira. Mkamwana akaenda kuzika, mtoto mgongoni. Akarudi peke yake.

Alikaa mlangoni hajavua viatu. Mtoto wangu akamwuliza, "Mutoto iko wapi?"

"Baba amekatala."

"Amekatala nini?"

"Amesema mi naweza kurudi, mi ni mutu muzima, miguu ni yangu. Lakini mutoto ni wa nyumba yao. Mutoto ambaye mahari ya mama yake haijatoka ni wa bajomba. Hata huku kwenu ni hivyo, akasema, muulize mama yako."

Waliniangalia wote wawili. Na mimi nikachukua viatu vyangu, kwa sababu ni kweli. Hata kwetu ni hivyo.

Nikaenda Kinindo moja kwa moja. Safari hii nilikaa ndani. Nikamwambia shemeji mtoto amezuiwa, nenda katoe pesa, tubadilishe hata kwa bei hii mbaya ya elfu mbili na mia mbili, zitakazopungua nitakopa kanisani. Akanisikiliza. Kisha akatoa simu yake, akavaa miwani, akanisomea bei ya benki. Kwa bei ya benki elfu moja ya Kongo ilikuwa elfu moja na kidogo tu ya kwetu.

"Kwa hiyo," akasema, "laki nane zao ni laki nane na nusu za kwetu. Tumemaliza zamani. Tumezidisha."

"Shemeji, bei hiyo nani anaipata?"

"Hiyo ndiyo bei ya serikali. Nyingine ni ya wezi."

"Basi nenda kaitafute kwa serikali, wakupe laki nane za Kongo."

"Benki hawana za Kongo."

"Sasa!"

"Shemeji, usinifundishe."

Usifikiri alikuwa mjinga. Alijua bei ya barabara kama mimi, kila mtu mjini anaijua, hata mke wake ananunulia sukari kwa hiyo. Lakini alikuwa na simu mkononi inayosema ameshinda, na kazi anayoogopa, na pesa yenye jina lake benki, na nadhani hizo laki nne na nusu zilizozidi alikuwa ameshazizoea. Akapanga siku, akaita wazee, akakodi gari, akapakia kreti za bia. Tukaenda.

Siku ile sitaisahau. Msemaji wetu aliongea vizuri sana, alizungusha maneno mpaka wanawake wa kule wakapiga vigelegele. Halafu bahasha ya laki nane na nusu ikawekwa mezani, nene, imejaa. Msemaji wao akaifungua, akatoa fungu, akaligeuza huku na huku.

"Bakwe," akasema, "asante. Hii makaratasi mumetuletea ni mingi. Tutafungia karanga mwaka muzima. Na mahari iko wapi?"

Nyumba nzima ikacheka. Hata msemaji wetu alicheka kidogo, akajizuia.

Shemeji akasimama na simu. Akaeleza bei ya benki. Mzee wa mawese akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akaomba aione hiyo simu, akaishika mkononi, akaipeleka karibu na macho.

"Mukwe," akasema, "nakuomba. Hii simu yako ituuzie sisi elfu moja za Kongo kwa bei hiyo. Tuko hapa na pesa. Ituuzie hata moja."

Hapo hawakucheka tena, walipiga makofi. Na kijana wao mmoja akaita kutoka mlangoni, "Mi pia nataka! Iniandikie mbili!"

Nilisimama. Nilikuwa nimekaa na wanawake kwenye mkeka, na mikono ikanivuta kitenge nikae, lakini nilisimama. Nikasema, "Mzee, mi ni bibi ya mtoto. Pesa hiyo haitoshi, najua. Ichukueni kama nusu. Hata nusu haifiki, ichukueni hivyo hivyo, mtupe mtoto, iliyobaki nitaileta mimi, ya Kongo, kwa mkono wangu. Unanijua, nauza nyanya mbele ya mlango wako."

Shemeji akasema, "Shemeji, kaa." Kwa Kirundi, akiuma meno.

Mzee wa mawese hakunikasirikia. Ndiyo maana nasema wa nne ni yeye, na ndiye aliyeniuma zaidi, maana alikuwa na sababu. Aliniambia, "Mama, nakujua. Lakini sikia. Mi nikiwa kijana, wakati wa Zaire, pesa yetu ilikufa. Mulikuwa munatucheka. Mke wangu alikuwa mugonjwa, nikavuka na mufuko ya mazaire, mufuko muzima, kama ya muchele, nikafika Bujumbura kununua dawa. Mwenye duka akaangalia mufuko, akaita jirani yake aje aone. Akaniambia, kawashie moto upike chai. Bakacheka. Mi nikarudi na mufuko yangu. Mke yule alikufa. Hii munaona hapa ni wa pili."

Akaisukuma bahasha kuelekea kwetu.

"Sasa mi siwacheki," akasema. "Bale kijana banacheka, mi apana. Lakini leo mi ndiye mwenye duka."

Na ni kweli tulikuwa tunacheka. Nakumbuka nikiwa binti, wanawake wa Zaire wanavuka na pesa kwenye mabeseni, beseni la pesa kwa beseni la muhogo, na sisi tunaimba kuwakejeli. Enzi hizo faranga yetu ilikuwa mwanaume. Lakini mjukuu wangu hakuwepo. Kumlipisha yeye dawa ya mke aliyekufa kabla mama yake hajazaliwa, hiyo si haki, na nilimwambia hivyo, na akasema, "Najua." Akasema najua, na hakubadilika.

Tulirudi na bahasha. Shemeji aliirudisha benki. Mtoto nilimwona kupitia mlango, amekalia dumu la mawese, anakula. Hakujua tulikuja kwa ajili yake.

Kuanzia wiki ile niliacha kupeleka pesa Kinindo. Sikumwambia mtu isipokuwa mtoto wangu na mke wake. Nyanya nikaendelea kuuza Kavimvira, lakini faranga za Kongo zikabaki za Kongo. Nilizobadilisha ni zile tu za kununulia nyanya nyingine, na hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo sijui nilichekee au nililie: jinsi faranga yetu ilivyoanguka ndivyo beseni langu lilivyonona. Nyanya nilinunua kwa pesa yetu, niliuza kwa pesa yao. Kila bei ilipopanda, ilibaki zaidi mkononi. Hapo Gihosha majirani wanalia sukari, wanalia mafuta, nami nalia nao, na uso nimekunja, na ndani nasema shuka tena, shuka kidogo tena. Nani anataka kuishi hivyo, anaomba nchi yake ianguke ili apate mjukuu? Hilo nalo naliandika kama deni la hao hao wanne. Mi sikulitafuta.

Mtoto wangu naye mshahara wake akawa ananipa siku ile ile unapotoka, hata haujapoa, navuka nao. Kambisti wangu wa mwavuli nilimwacha, nikampata mwanamke mmoja upande wa kule asiyekata sana. Yule wa kwanza aliponiona napita akaita, "Mama ya nyanya! Umegeuka! Mahari imekufa?"

"Imefufuka," nikamwambia. "Kaa na mwavuli yako."

Halafu habari za vita zikaanza kushuka kwenye bonde. Kwanza mbali, majina ya mahali tusiyoyajua. Kisha majina tunayoyajua. Watu wakaanza kuvuka na magodoro, wengine kwa maji ya Rusizi, na sisi tuliokuwa tunavuka kwenda kuuza tukawa tunakwenda peke yetu wakati wote wanakuja. Mkamwana hakulala tena. Akaniambia, "Mama, nikaibe mutoto wangu?" Nikamwambia ukimwiba watasema milele ni mtoto wa kuibwa. Ngoja. Zimebaki kidogo.

Zilipotimia, laki nane, nilimpelekea mzee wa mawese mwenyewe, peke yangu, kwenye kitenge. Aliziona. Alizigusa kwa ule mkono wa mafuta. Akafunga kitenge tena, akanirudishia.

"Mama, hii ni pesa. Lakini mahari hailetwi na mama. Ningepokea, watu bangesema nimeuza mutoto sokoni kama dumu. Muite mukubwa wenu. Na bia. Na upesi, maana hata siye tunafunga mizigo."

Kwa hiyo nikarudi Kinindo. Niandike hili bila kupunguza. Nilikwenda kumwomba mtu yule yule aje atoe pesa yangu.

Akauliza nilizipata wapi. Nikasema nyanya. Akauliza nilizibadilisha wapi. Nikasema sikuzibadilisha, ndiyo maana zipo. Akatikisa kichwa kama mwalimu.

"Nitakuja," akasema. "Lakini pale itasemwa ni mahari ya ukoo. Sitaki kusikia habari ya nyanya mbele ya watu."

"Sema unavyotaka."

"Na zipite kwangu kwanza."

"Apana. Zitapita kwako pale mezani. Dakika ile ile."

Aliniangalia sana. Labda aliona kitu usoni mwangu, sijui. Alikubali. Bia alinunua yeye, nimtendee haki, tena nyingi.

Tulivuka asubuhi. Elfu ya Kongo ilikuwa imefika elfu mbili na mia sita. Kule kwa mzee wa mawese nusu ya vyombo ilikuwa imefungwa kwa kamba, madumu yamepangwa nje. Lakini walitandika mkeka, waliweka meza, msemaji wao alivaa koti. Nilimpa shemeji kitenge chini ya meza, akatoa mafungu, akayaweka juu moja moja kama aliyeyapanda na kuyavuna. Akahutubia. Akasema ukoo wetu haukimbii deni, akasema yeye kama baba alivumilia mengi, akasema pesa ni pesa lakini heshima ni kubwa kuliko pesa. Vigelegele. Msemaji wao akasimama akamshukuru, akamwita mwanaume kamili, wazee wa pande zote mbili wakampa mkono. Mi nilikuwa kwenye mkeka. Mwanamke mmoja jirani yangu akaniambia, "Mama, una shemeji wa maana. Wengine bangewaacha." Nikamwambia ndiyo.

Mkamwana akaingia ndani, akatoka na mtoto. Alikuwa amekua, anaongea Kifuliru, lugha ya wajomba zake, amevaa gauni la mtoto wa mjomba. Alimshika mama yake shingo kwa mikono miwili na hakuangalia mtu mwingine. Mtoto wangu alisimama hapo na mikono yake ya saruji, hajui aiweke wapi.

Hizo milioni moja na laki tatu za Kinindo bado zipo benki, shemeji anasema. Juzi nilimwuliza ukoo uzigawane. Akasema mahari haigawanywi. Ukizipeleka mpakani leo hazifiki laki tano za Kongo, na kila mwezi zinaendelea kupungua, na ukoo mzima unasimulia kwamba yeye ndiye aliyemrudisha mtoto. Hata kwenye ubatizo padri alimshukuru.

Siku ile ya kurudi, gari lilikuwa moja. Wazee wakaingia. Shemeji akakaa mbele. Nyuma zikapangwa kreti za chupa tupu, maana chupa za bia zinarudishwa, usipozirudisha unalipa. Nikauliza tunakaa wapi sisi wanne. Dereva akamwangalia shemeji. Shemeji akaangalia kreti, akazihesabu kwa kidole, akasema, "Shemeji, hizi nimeziwekea dhamana. Nyie mnaijua hii njia kuliko sisi."

Wakaondoka. Tulivuka mpaka kwa miguu kati ya watu waliobeba magodoro, mtoto mgongoni kwa mama yake, na mtoto wangu akabeba viatu vya bintiye. Askari wa upande wetu akatuuliza kama tunakimbia vita.

"Apana," nikamwambia. "Sisi tunatoka kuoa."